Makande ya Msiba wa Bibi Namsifu

Sogeeni, watoto. Kaeni vizuri. Hadithi hii nitaisoma polepole, maana ina msiba ndani yake.

Kule milimani, kwa Wapare, alikuwapo mtoto aitwaye Nakiete. Alikuwa na miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Jirani yake aliitwa Mbonea. Naye alikuwa na miaka sita. Nyumba zao zilitenganishwa na migomba tu.

Mbonea aliishi na bibi yake. Hawakuwa na mtu mwingine mle ndani. Bibi yake aliitwa Bibi Namsifu.

Bibi Namsifu alimpikia Mbonea. Alimfulia nguo. Jioni alimshika mkono, wakasali.

Siku moja Bibi Namsifu akaugua. Akalala. Siku ya tatu, alfajiri, akafariki.

Kengele ya kanisa ikalia. Ngo... ngo... ngo... Watu waliokuwa wakienda shamba wakasimama, wakavua kofia.

"Mama, Bibi amekwenda wapi?" Nakiete akauliza.

"Bibi amelala kwa Bwana," Mama akasema. "Bwana Yesu atamwamsha, siku Yake ikifika." Kisha Mama akajifuta macho kwa kanga.

Nakiete naye akalia. Alimpenda Bibi Namsifu.

Sasa sikilizeni jinsi watu wa kule wanavyofanya. Nyumba yenye msiba haijipikii. Majirani ndio wanaopika.

Basi kesho yake asubuhi, siku ya mazishi, akina mama wakaja. Mmoja na kuni. Mmoja na mahindi. Mmoja na maharage. Mmoja na maji kichwani.

Wakaweka mafiga matatu makubwa uani. Juu yake wakaweka sufuria kubwa kabisa, ile ya kanisa. Nakiete angeweza kuingia mle ndani akajificha.

Wakatwanga mahindi kwenye kinu. Twa, twa, twa. Wakachambua maharage kwenye ungo. Wakawasha moto.

Wakaanza kupika makande. Mahindi na maharage, pamoja, polepole.

Toko, toko, toko. Sufuria ikatokota.

Nakiete alikaa karibu na Mama. Akawaza. Halafu akauliza.

"Mama, si tunamwomba Mungu atupe chakula?"

"Tunamwomba."

"Na Yeye anatupa?"

"Anatupa."

"Sasa mbona unapika wewe?"

Mama hakucheka. Akakoroga kwanza. Akasogeza kuni moja.

"Chakula ni cha Mungu," Mama akasema. "Mikono ni yetu."

Nakiete akaitazama mikono ya Mama. Ilikuwa na masizi. Ilikuwa na kovu la moto. Akaitazama na yake.

Mbonea alikuwa amekaa mlangoni. Alivaa shati lake la kanisani. Hakulia.

Nakiete akampelekea uji kwenye kikombe. "Mbonea, kunywa."

"Sitaki."

"Huna njaa?"

Mbonea akatazama chini. "Chakula changu anapika Bibi," akasema.

Nakiete akakaa naye kidogo. Uji ukapoa. Akarudi nao kwa Mama.

"Mama, Mbonea hali. Jana hakula. Leo hali. Atakufa?"

"Hafi," Mama akasema. Lakini Nakiete aliuona uso wa Mama. Mama alikuwa na wasiwasi.

"Makande yakiiva, atakula," Mama akasema. "Tuyapike vizuri. Tuyapike vizuri sana."

Toko, toko, toko. Sufuria ikatokota.

Mchana ukafika. Watu wakalibeba jeneza. Wakaimba wimbo wa taratibu, wakaenda makaburini. Mbonea akaenda nao, ameshikwa mkono na Mchungaji.

Lakini wapishi hawaendi makaburini. Moto hauachwi peke yake. Nao watu watarudi na njaa. Wengine wametoka nyuma ya mlima, na kurudi kwao ni mwendo wa saa tatu.

Mama alitaka sana kwenda kumzika Bibi Namsifu. Alisimama, akausikiliza wimbo ukienda mbali, mbali, mbali. Kisha akainama, akasogeza kuni.

Pale kwenye moto walibaki watatu. Mama Kajeri, Mama Eliamani, na Mama wa Nakiete. Na Nakiete, wa nne.

Sasa nitawaambia habari ya chumvi. Sikilizeni vizuri, maana shida yote inatoka hapo.

Akina mama wa kanisa lile wana utaratibu wao. Kuni wanaleta wote. Maji wanachota wote. Lakini chumvi anashika mtu mmoja. Anatia yeye tu. Wengine hawagusi.

Kwenye harusi, chumvi alishika Bibi Namsifu. Kwenye ubatizo, Bibi Namsifu. Kwenye msiba, Bibi Namsifu. Ilikuwa hivyo miaka mingi.

Leo msiba ni wake mwenyewe. Na hakuna aliyekumbuka kuuliza chumvi ashike nani.

Mama Kajeri akapita karibu na sufuria. Akamkumbuka Bibi. Akafikiri, "Bibi hayupo. Ngoja nitie mimi." Akatia chumvi. Chaa.

Akaenda kuleta sahani.

Mama Eliamani akapita. Akamkumbuka Bibi. Akafikiri, "Bibi hayupo. Ngoja nitie mimi." Akatia chumvi. Chaa.

Akaenda kuchota maji.

Mama wa Nakiete akapita. Akamkumbuka Bibi. Akafikiri, "Bibi hayupo. Ngoja nitie mimi." Akatia chumvi. Chaa.

Akaenda kuchuma majani ya migomba ya kufunikia.

Akabaki Nakiete peke yake. Akaitazama sufuria. Akamfikiria Mbonea. "Mbonea lazima ale," akafikiri. "Makande lazima yawe matamu."

Mnajua alifanya nini? Alichota chumvi, ngumi nzima. Chaa.

Toko, toko, toko. Sufuria ikatokota.

Makande yakaiva. Mama akachota kidogo na upawa. Akapuliza. Fuu, fuu. Akaonja.

Mama akafumba macho. Akatema pembeni. Akanywa maji, kikombe kizima.

"Mama Kajeri," akaita. "Njoo uonje."

Mama Kajeri akaonja. Akakunja uso. "Ni chumvi tupu," akasema. "Haya hayaliki."

Mama Eliamani akaonja. Akakaa chini, akashika kichwa.

"Nani ametia chumvi?" Mama akauliza.

Moto tu ndio uliolia. Ta, ta, ta.

"Nimetia mimi," Mama Kajeri akasema. "Nilidhani hakuna aliyetia."

"Na mimi nimetia," akasema Mama Eliamani.

Mama akavuta pumzi. "Na mimi pia."

Wote watatu wakatazamana. Mama Eliamani akaanza kulia. "Bibi angekuwepo," akasema, "angetuchapa na mwiko." Wakacheka kidogo, huku wanalia.

Nakiete alikuwa nyuma ya Mama. Moyo ulimdunda. Du, du, du. Angeweza kunyamaza. Nani angejua?

Lakini Mungu alijua. Na tumbo la Mbonea lingejua.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi. Ngumi moja."

Mama akageuka. Akamtazama. Nakiete akafikiri atapigwa.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka Mbonea ale."

Mama akapiga magoti, macho yao yakawa sawa. "Nimekusikia," akasema. "Umekosa, na sisi wakubwa tumekosa. Asante kwa kusema. Sasa tutengeneze."

Wakamwaga ule mchuzi wa chumvi. Wakatia maji ya moto. Wakaonja. Chumvi bado kali.

Wakamwaga tena. Wakatia tena. Bado. Chumvi ilikuwa imeingia ndani ya mahindi.

"Tupike mengine?" akauliza Mama Kajeri.

"Makande ni ya kutwa nzima," Mama akasema. "Watu wako njiani. Watarudi sasa hivi."

Kwa mbali wimbo ulikuwa umenyamaza. Mchungaji alikuwa anaomba. Wakati ulikuwa mfupi.

Nakiete akawaza. Akawaza sana.

Kule kwao kila nyumba huchemsha makande mengi kwa mara moja. Huyachemsha matupu, bila chumvi. Halafu kila siku Mama huchota kidogo, ndipo anayaunga kwa kitunguu na chumvi.

"Mama," Nakiete akasema. "Tukichanganya na makande matupu?"

Akina mama wakatazamana tena.

"Huyu mtoto," akasema Mama Kajeri. "Sisi watatu hatukuliona hilo."

"Ya kwetu yapo jikoni," Mama akasema. "Lakini hayatoshi. Nakiete, chukua ndoo. Pita kwa waliobaki majumbani. Omba vizuri. Usichukue bila kupewa."

Nakiete akajitwika ndoo. Ndoo tupu ni nyepesi. Miguu ikaenda mbio. Pata, pata, pata.

Akafika kwa Mzee Kajiru. Mzee Kajiru alibaki nyumbani kwa sababu ya mguu. Alikuwa amekaa nje, kofia mikononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamemaliza kuzika?"

"Bado, babu. Tumezidisha chumvi. Tunaomba makande matupu."

Mzee Kajiru alikuwa na chungu kimoja. Kilikuwa chakula chake cha leo na cha kesho. Nakiete aliona. Hakikuwa chungu kikubwa.

"Babu, wewe utakula nini?"

"Nitakula ya msibani, mkiniletea sahani," akasema Mzee Kajiru. "Namsifu alinilisha nilipovunjika mguu. Miezi miwili. Mimina yote."

Nakiete akamimina yote. Poro, poro, poro.

Ndoo ikawa nzito. Miguu ikaenda polepole. Pata... pata... pata...

Akafika nyumba ya pili. Hodi. Hodi. Hakuna mtu. Wote wamekwenda kuzika.

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Chungu kilikuwa pale kwenye mafiga. Makande yalikuwa mle, meupe, mengi.

Nakiete akasimama mlangoni. Alihitaji makande yale. Kuchota kidogo tu, nani angemwona?

Akakumbuka maneno ya Mama. Usichukue bila kupewa.

Nakiete akaurudishia mlango ili kuku wasiingie. Akaendelea na safari.

Akafika kwa Dada Elineema. Dada Elineema alikuwa amejifungua wiki ile ile. Mzazi haendi makaburini. Alikuwa ndani na mtoto mchanga.

"Hodi, Dada. Hujambo? Tunaomba makande matupu. Ya msiba."

Dada Elineema akaonyesha kwa mkono. Sufuria ilikuwa kwenye kona, imejaa.

"Majirani wameniletea mimi," akasema. "Sasa nami napeleka kwa Bibi. Chukua, acha kidogo tu. Ninanyonyesha."

Nakiete akachukua, akaacha sahani mbili. "Ahsante, Dada."

"Msalimie Mbonea," akasema Dada Elineema. "Mwambie nimemkumbuka kwenye maombi."

Sasa ndoo ilijaa pomoni. Nakiete hakuweza kujitwika. Akaishika kwa mikono miwili. Akaiburuta hatua tano. Akapumzika. Hatua tano tena.

Mikono ikamuuma. Vidole vikawa vyekundu. Akataka kuketi chini alie.

"Chakula ni cha Mungu," akasema peke yake. "Mikono ni yetu." Hatua tano. "Chakula ni cha Mungu. Mikono ni yetu." Hatua tano tena.

Kwenye kona Mama Eliamani akaja mbio, akashika upande mmoja wa ndoo. Wakabeba wote wawili.

Wakamimina makande matupu kwenye sufuria kubwa. Mama akakoroga. Mama Kajeri akachochea moto.

Toko, toko, toko. Sufuria ikatokota.

Mama akachota. Akapuliza. Fuu, fuu. Akaonja. Wote wakamtazama mdomo.

"Yanafaa," Mama akasema.

Mama Kajeri akashusha pumzi. Mama Eliamani akakaa juu ya kinu, maana miguu ilikuwa imechoka.

Watu wakarudi. Walirudi na vumbi miguuni na macho mekundu. Wakanawa mikono. Wakakaa kwenye mikeka na mabenchi.

Mchungaji akasimama. Akaomba maombi mafupi.

"Baba, ahsante kwa chakula hiki. Uwabariki waliokitoa. Uwabariki waliokaa kando ya moto wakati sisi tukizika. Kazi yao nayo ni ibada. Amina."

"Amina," watu wakajibu. Mama akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Watu wakala. Waliotoka nyuma ya mlima wakala. Mama Kajeri akampelekea Mzee Kajiru sahani yake, na nyingine akampelekea mwenye mtoto mchanga.

Lakini Mbonea hakula. Sahani yake ilikuwa mbele yake. Aliitazama tu.

Nakiete akaja na sahani yake. Akaketi karibu naye, bega kwa bega.

"Mbonea," akasema. "Haya makande yalikuwa mabaya."

Mbonea akamtazama.

"Tulitia chumvi watu wanne. Na mimi nilitia. Ikawa kali, mtu hawezi kula."

Mbonea akasikiliza.

"Babu Kajiru akatoa yake yote. Dada Elineema akatoa yake. Amesema anakukumbuka kwenye maombi. Mimi nikabeba. Ona vidole vyangu."

Mbonea akavitazama vidole vya Nakiete. Bado vilikuwa vyekundu. Akavigusa.

"Bibi hapiki tena," Mbonea akasema.

"Hapiki tena," Nakiete akasema. "Mikono yake imepumzika. Lakini Mungu ana mikono mingine."

Mbonea akawaza. Akachukua punje moja ya mahindi. Akaitia mdomoni. Akaitafuna.

Akachukua nyingine.

Kisha akachukua kijiko. Akala. Akala huku machozi yanamtiririka, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama akaja, akakaa nyuma yake, akamshika mabega mpaka sahani ikaisha.

Jioni ikaingia. Watu wa mbali wakaaga. Waliobaki wakatandika mikeka, maana nyumba ya msiba hailali peke yake.

Nakiete akalala upande huu. Mbonea akalala upande ule. Mama akalala katikati, akawafunika kwa kanga moja.

Wakasali. Wakamshukuru Mungu kwa ajili ya Bibi Namsifu. Wakamshukuru kwa ajili ya kila aliyetoa.

Nakiete alidhani Mbonea amelala.

"Mama Nakiete," Mbonea akaita.

"Naam, mwanangu."

"Kesho nani atanipikia?"

Mama hakukawia kujibu. Alikuwa ameshazungumza na Mchungaji na wazee mchana ule ule.

"Mimi," akasema. "Kesho, na kesho kutwa, na siku zote. Kwangu ni kwako."

Mbonea akamsogelea. Upepo ulipita kwenye migomba. Shaaa.

"Tutakula nini?"

"Viazi. Viko shambani, vinangoja kuchimbwa."

"Nitakusaidia kuchimba," akasema Mbonea.

Akageuka upande. Akashika ncha ya kanga ya Mama. Akalala usingizi.